Jumanne ya Kuungama

Jumatano hii tutapakwa majivu na kuianza Kwaresima. Leo nakualika tuitazame Jumanne inayoitangulia, ambayo kwa Kiingereza huitwa Shrove Tuesday.

Jina hilo limetokana na kitenzi chao cha zamani, shrive, yaani kumwungamisha mtu. Nacho kina asili ya Kilatini, scribere, maana yake kuandika. Kuandika na kuungama vinahusianaje? Padre alimsikiliza anayetubu, kisha akampangia malipizi, kama daktari anavyomwandikia mgonjwa dawa. Hivyo Jumanne hiyo waamini walikwenda kuungama, ili waingie Kwaresima wakiwa na moyo safi.

Siku hiyohiyo jikoni walimaliza mayai, maziwa na siagi, vyakula walivyojinyima wakati wa mfungo, kwa kupika chapati za maji. Leo Waingereza wengi huiita Siku ya Chapati hizo. Chapati zimebaki, kuungama kumesahaulika.

Tusiwacheke. Sisi nasi tunajiandaaje? Tunauliza saa ya Misa ya majivu na siku za kutokula nyama. Lakini ndugu wawili wasiosalimiana kwa sababu ya kiwanja cha marehemu baba yao watapanga mstari mmoja, wapakwe majivu yaleyale, kisha kila mmoja apite njia yake. Huko ni kuandaa paji la uso na kuuacha moyo. Nabii Yoeli alikwisha kutuonya: Mungu anataka tuirarue mioyo, si mavazi.

Kutokana na neno hilo, Waingereza wana msemo short shrift, yaani ungamo fupi. Ulikuwa muda mchache aliopewa mtu aliyehukumiwa kifo, aungame kabla ya kuuawa. Yule angalau aliijua saa yake. Wewe na mimi hatuijui yetu.

Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza kila mwamini aungame angalau mara moja kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, ndugu yangu, na bado wapo wasiokifikia.

Basi, kabla ya majivu zimebaki kesho na keshokutwa. Mtafute padre uungame. Na yule nduguyo, usimngoje aanze yeye. Mpigie simu leo.

Nakutakia Dominika njema.