Herufi 22 ndani ya damu ya kaka

Masika, jioni, Kilibula, kando ya ziwa. Wavuvi wanawasha taa kwenda kutafuta ndagala, mbu nao wanaanza zamu yao. Asubuhi yake, kwenye benchi la kituo cha afya, hukosi mama mwenye swali kama hili: «Docta, malaria ikimshika huyu mdogo inamlaza kabisa. Kaka yake siku mbili tu, yuko kwenye mpira. Chandarua ni kimoja!» Mdogo anatobolewa kidole, tone linawekwa kwenye kipimo, mistari inatokea miwili.

Pengine kaka ni AS: amerithi jeni ya drepano, yaani selimundu, kwa mzazi mmoja tu. Mtafiti Tony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba watu wa aina hiyo wana kinga fulani dhidi ya malaria. Kinga hiyo inafanyaje kazi? Hapo ndipo inapoingia mikroRNA.

Ni uzi mfupi mno wa RNA, herufi kama 22. Hautengenezi chochote, kazi yake ni kung'ang'ania ujumbe unaotoka kwenye jeni na kuuziba mdomo. Watafiti Victor Ambros na Gary Ruvkun waliuona mwaka 1993 ndani ya mnyoo wa milimita moja, na kwa miaka kadhaa wengi wakadhani ni mambo ya minyoo tu. Mwaka 2024 wakapewa Nobel. Leo nyuzi hizo zinachunguzwa katika saratani, moyo, kisukari.

Sasa turudi kwenye damu. Chembe nyekundu haina kiini, lakini mikroRNA zimebaki humo, na chembe za AS na za SS (aliyerithi drepano kwa wazazi wote wawili) zina nyingi zaidi ya ile iitwayo miR-451. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza kwamba hiyo huingia ndani ya kimelea cha malaria na kujiunga na ujumbe wake, ukawa hausomeki. Kimelea chenyewe hakina mikroRNA zake; kinanyamazishwa na mwenyeji wake! Si sababu pekee ya kinga ya AS, ila mimi ndiyo inayonifurahisha kuliko zote.

Dawa ya malaria iliyotokana na ugunduzi huo haijafika kituoni. Mdogo anapewa dawa ya mseto. Kaka naye, siku akioa binti ambaye pia ni AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS, yule anayelia mifupa usiku baridi ikipanda kutoka ziwani.