Watoto Katika Bustani ya Kikundi: Wasaidizi au Punda?



Jumamosi huku Tawa si ajabu kuona watoto wakiwafuata mama zao kwenye bustani ya kikundi. Hilo si baya. Mwethya ni wetu tangu zamani, na mtoto hujifunza kwa kuona na kushika. Hata shule zina klabu za 4K (Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya), ambazo serikali ilizifufua mwaka 2021.

Lakini tukubali, sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Katika kikundi kimoja tulichokuwa tukikisaidia, jua lilipozidi, kazi ya maji iliachiwa watoto. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20! Sukuma wiki ikasitawi, ikauzwa sokoni, pesa zikaenda kwa mweka hazina. Watoto hawakuonja hata jani. Baada ya majuma machache wakaacha kuja. Tulipowauliza, walisema bustani ni ya wakubwa, wao ni punda tu. Tuliona haya.

Tofauti iko wapi? Anayejitolea anaweza kusema hapana, anajifunza kitu, na anaona matunda ya kazi yake. Akikosa hayo, ni kibarua asiyelipwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inamlinda mtoto na kazi za kumdhuru au kumnyonya.

Kikundi kile kilianza upya hivi:

1. Kazi ni Jumamosi asubuhi, saa mbili tu. Siku ya shule hakuna kuitwa bustanini.

2. Mdogo abebe lita tano, si mtungi mzima. Dawa za wadudu na bomba ni za watu wazima pekee.

3. Watoto wapewe sehemu yao. Kama nafasi ni ndogo, gunia latosha. Simamisha mkebe usio na kitako katikati ya gunia, ujaze kokoto, kisha uzungushie udongo uliochanganywa na mbolea ya boma. Vuta mkebe juu kidogo, jaza tena, endelea hivyo hadi gunia lijae. Maji yakimwagwa kwenye kokoto hufika mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, upande miche. Maji ya kuoshea mboga yanafaa kumwagilia.

4. Waanze na mchicha au kunde. Majani huchumwa baada ya majuma matatu au manne, na mtoto hakati tamaa.

5. Mavuno ya sehemu yao yaandikwe kwenye daftari lao. Wao waamue: kula nyumbani, au kuuza wanunue kalamu na vitabu.

Mvua ya Oktoba hadi Disemba ndiyo tunayoitegemea zaidi Ukambani. Basi yazungumzeni haya mapema, kabla haijafika.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
- Watoto wetu wanafanya kazi gani bustanini? Nani aliamua?
- Mara ya mwisho tulipogawa mavuno, wao walipata nini?
- Je, tumewahi kuwauliza?

Swali la tatu, waacheni watoto wenyewe walijibu. Nyinyi sikilizeni.