Kabla ya Mtoto Kupewa Jina

Mtoto akivunja dirisha la jirani, akaapa kuwa si yeye, kisha akapigana njiani, watu wa mtaa humpa jina siku ile ile, nalo jina hilo aghalabu humganda hata ukubwani. Lakini tabibu wa akili, ambaye kauli yake ina uzito kupita ya mtaa mzima, hana rukhsa ya kufanya pupa.

Katika mwongozo wa maradhi ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013, ugonjwa wa mwenendo hauthibitishwi kwa kosa moja: yametajwa matendo 15, miongoni mwayo kuwatesa wanyama, kuchoma mali ya watu makusudi, kuiba na kutoroka nyumbani, na yapasa matatu kwa uchache yawe yamedhihiri katika miezi 12 iliyopita, na mojawapo katika miezi 6 ya karibuni. Huulizwa pia yalianza lini, maana yaliyotangulia umri wa miaka 10 yana khatari zaidi kuliko yanayozuka wakati wa kubalehe.

Tafauti hiyo ina ushahidi. Kwa kuwatazama watoto 1,037 wa Dunedin, New Zealand, waliozaliwa 1972 na 1973, ambao wataalamu wamewafuatilia hata utu uzima, Terrie Moffitt alieleza mwaka 1993 kuwa wako wachache ambao ukorofi wao huanza mapema ukadumu, na wengi ambao huupata ujanani wakauacha. Naye Lee Robins, aliyewafuatilia kwa miaka 30 watoto 524 waliopelekwa kliniki huko St. Louis, alibainisha mwaka 1966 jambo ninalotamani kila mzazi alisikie: watu wazima walioshindikana karibu wote walikuwa watoto washari, ilhali watoto washari walio wengi hawakuishia huko.

Basi tabibu mwenye insafu humsikiliza mama, mwalimu na mtoto mwenyewe, kila mmoja peke yake, na hupima masikio, kwani asiyesikia vema hudhaniwa mkaidi. Tena huchunguza kama kuna huzuni, kipigo au hofu ya vita nyuma ya ghadhabu ile.

Zito kuliko yote ni kusema kwamba mtoto hana majuto. Mbele ya mgeni aliyevaa koti jeupe, mtoto mwenye hofu huweza kukaza uso kama jiwe. Kwa hiyo mwongozo wataka ugumu huo wa moyo uwe umeonekana kwa miezi 12 au zaidi, na kwa watu mbalimbali, si katika mazungumzo ya asubuhi moja. Kwa rai yangu, hapo ndipo aitwe bibi aliyemlea, ambaye huenda alimwona akilia faraghani baada ya kumpiga nduguye.