Samaki wa Ziwa Tanganyika na Istilahi za Msongo na Wasiwasi

Makala haya yanaeleza jinsi samaki wadogo wanavyotumiwa kuchunguza hofu, msongo na maradhi ya ubongo, na kujadili tatizo la istilahi linalomkabili mtu atakaye kuyaandika matokeo ya uchunguzi huo kwa Kiswahili.

Samaki anayetumiwa zaidi ni Danio rerio, ambaye hapa ataitwa samakimilia kwa mfano wa punda milia. Asili yake ni Asia ya Kusini, na urefu wake ni kama sentimita 4. Makala ya George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, yaliyochapishwa mwaka 1981, ndiyo yaliyomfungulia samaki huyu mlango wa maabara za jenetiki. Kiinitete chake ni angavu, hivyo ubongo huweza kutazamwa unapokua bila ya kupasuliwa. Uchambuzi wa jenomu yake uliotolewa mwaka 2013 ulibainisha kuwa takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina walau jeni moja ya mnasaba kwa samaki huyu. Aidha, homoni yake kuu ya msongo ni kotisoli, sawa na ya binadamu, ilhali panya hutegemea zaidi kotikosteroni.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Samakimilia akitiwa katika tangi asilolizoea huzama na kukaa chini. Baada ya dakika chache huanza kupanda. Akipewa dawa zinazotuliza wasiwasi wa binadamu, mara nyingi hupanda mapema zaidi. Mabuu wenye kasoro katika jeni inayolingana na ile ya ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa cha utotoni, hupatwa na degedege, na tangu mwaka 2013 wametumiwa kuchuja dawa.

Hata hivyo, samakimilia ni mgeni Afrika Mashariki. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Mpanda, unapakana na ziwa lenye samaki wa aina hiyo hiyo ya manufaa. Wavuvi wa Karema na Ikola hutafuta dagaa na migebuka. Wanasayansi wamevutiwa na Astatotilapia burtoni, jamaa ya perege, akaaye kwenye maji ya kina kifupi. Dume lenye himaya huwa na rangi kali. Dume nyonge hufifia hata likafanana na jike. Russell Fernald na wenzake walionyesha kwamba seli za ubongo zinazochochea homoni za uzazi huwa kubwa kwa dume lenye himaya, na husinyaa likipoteza himaya hiyo. Mwaka 1997 walieleza pia kwamba, jumuiya ikishatulia, wanyonge ndio wenye kotisoli nyingi zaidi.

Hapa ndipo lugha inapoanza kuleta utata. Istilahi iliyozoeleka ni "msongo wa mawazo". Neno "msongo" halina kasoro: linatokana na "songa", yaani kubana au kukandamiza, nalo linaafikiana na dhana iliyoenezwa na Hans Selye baada ya uchunguzi wake wa mwaka 1936 juu ya panya. Tatizo ni "mawazo". Katika mazungumzo ya kila siku, "ana mawazo" hakumaanishi kwamba mtu anafikiri, bali kwamba ana jambo linalomsumbua. Kotisoli iliyopimwa katika samaki haithibitishi jambo kama hilo. Msomaji akiambiwa kuwa dawa fulani imeondoa msongo wa mawazo wa samaki, atadhani, si bila sababu, kwamba imethibitishwa kuondoa na wake.

"Wasiwasi" nalo lina uzito wake. Katika Kiarabu asili yake ni mnong'ono, na Sura ya 114 ya Kurani inautaja kuwa uovu unaotiwa vifuani mwa watu. Ni vigumu kumnong'onezea samaki! Ni afadhali kuandika "msongo" pekee kwa hali ya mwili, na "tabia mithili ya wasiwasi" kwa mwenendo wa samaki ndani ya tangi, hata kama maneno yatarefuka.

Katika Katavi suala hili si la kitaaluma tu. Mgonjwa aweza kuwa amelelewa katika Kipimbwe, Kibende au Kisukuma, au katika Kirundi, kama wengi wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanzishwa kwa wakimbizi wa Burundi katika miaka ya 1970. Anapofika kwa mganga na kusema kwa Kiswahili kwamba moyo unamwenda mbio na usingizi haumjii, kumwandikia "msongo wa mawazo" ni kumpa fikra ambazo pengine hakuzitaja.