Mabadiliko ya sehemu nyeupe ya ubongo katika lupasi

Mabadiliko ya sehemu nyeupe ya ubongo katika lupasi ni madoa yanayoonekana kwenye picha za ubongo za baadhi ya wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Lupasi huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Sehemu nyeupe ina nyuzi za neva zinazounganisha maeneo mbalimbali ya ubongo. Weupe wake hutokana na mayelini, utando wa mafuta unaozifunika nyuzi hizo.

Upimaji

Kipimo kinachofaa zaidi ni MRI, ambacho hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Katika picha za aina ya T2 na FLAIR madoa hayo hung'aa. CT skani huonyesha damu iliyovuja au kiharusi kikubwa, lakini mara nyingi haionyeshi madoa madogo.

Sababu

Madoa mengi huhusishwa na madhara katika mishipa midogo ya damu. Baadhi ya wagonjwa wana kingamwili dhidi ya fosfolipidi, ambazo husababisha damu kuganda. Shinikizo la juu la damu, ambalo hutokea figo zinapoathirika, huongeza madhara.

Maana ya picha

Madoa peke yake hayathibitishi kwamba lupasi imeingia ubongoni. Huonekana pia katika uzee, shinikizo la damu, kipandauso na maambukizi ya VVU. Vilevile mgonjwa mwenye kifafa au kuchanganyikiwa kutokana na lupasi anaweza kuwa na picha ya kawaida.

Katika mkoa wa Kigoma

Wilayani Kibondo na Kasulu malaria ni ya kawaida, hivyo homa yenye degedege au kuchanganyikiwa huchunguzwa kwanza kama malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Utaratibu huo ni muhimu hata kwa mgonjwa wa lupasi, kwa kuwa dawa zinazopunguza kinga zinaweza kuzidisha maambukizi. Vipimo hivyo vikiwa hasi, dalili zinazoelekeza kwenye lupasi ni upele mashavuni, vidonda mdomoni, viungo kuvimba na protini katika mkojo. Dalili hizo hutambuliwa bila MRI. Hospitali ya Taifa Muhimbili, yenye kipimo hicho, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kibondo.

Matibabu

Hutumika haidroksiklorokwini, steroidi na dawa nyingine za kupunguza kinga. Damu ikiganda, hutolewa dawa za kuzuia kuganda.