Kitabu Kisicho Chako: Utangulizi wa Somo la Pasipoti na Usalama

Pasipoti umeilipia ada, umeipangia foleni, umeacha alama za vidole, na picha yako imo ndani. Hata hivyo si mali yako. Ile ya Uingereza imeandikwa waziwazi kwamba inabaki kuwa mali ya serikali ya Mfalme. Somo ninalokukaribisha, ndugu msomaji, linaanzia hapo: mwenye mali akikidai kitabu chake, atakidai lini, kwa utaratibu gani, na nani atakusikiliza ukisema umeonewa?

Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linampa kila mtu haki ya kuondoka nchi yoyote, hata yake mwenyewe. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 ukakubali haki hiyo ibanwe kwa ajili ya usalama wa taifa, mradi sheria iseme hivyo na pawe na ulazima wa kweli. Zamani waliobanwa walikuwa zaidi wapinzani wa kisiasa. Mchoraji Mmarekani Rockwell Kent, aliyenyimwa pasipoti kwa kushukiwa ukomunisti, alishinda katika Mahakama ya Juu ya nchi yake mwaka 1958. Vita vya Syria vikaligeuza somo. Vijana wa Ulaya walipoanza kumiminika kwa Daesh, kundi linalojiita Dola ya Kiislamu, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 2178, Septemba 2014, kuzitaka nchi zote ziwazuie wapiganaji wa aina hiyo wasivuke mipaka.

Uingereza ilikuwa imeshatangulia. Aprili 2013, Waziri wa Mambo ya Ndani Theresa May alilieleza Bunge kwamba mtu anaweza kunyimwa pasipoti au kupokonywa kwa ajili ya "masilahi ya umma". Mamlaka hayo hayakutoka katika sheria yoyote ya Bunge, bali katika madaraka ya kale ya ufalme. Sheria ya mwaka 2015 ikaongeza nguvu nyingine: askari wa bandarini au uwanja wa ndege akimshuku msafiri, anaweza kuizuia pasipoti yake siku 14, na hakimu anaweza kurefusha hadi 30. Sheria hiyo ilipata idhini ya kifalme tarehe 12 Februari. Tarehe 17, wasichana watatu wa shule moja ya mashariki mwa London, wawili wa miaka 15 na mmoja wa 16, walipita uwanja wa Gatwick wakapanda ndege kwenda Istanbul, na kutoka huko wakaingia Syria. Nguvu ya kuwazuia ilikuwepo, ila aliyewashuku pale uwanjani hakuwepo.

Kila mwaka nawarudisha wanafunzi wangu kwenye siku hizo tano. Anayepinga mamlaka haya bila kuwafikiria wale watoto hajalielewa somo. Lakini soma pia kinachofuata: hakimu anaposikiliza ombi la kuongeza siku, mshukiwa na wakili wake wanaweza kutolewa nje wakati ushahidi wa siri unasomwa. Utajiteteaje dhidi ya neno usilolisikia? Jibu bora nililowahi kusoma linatoka India, katika kesi isiyohusu ugaidi hata kidogo. Julai 1977, mwanamke aitwaye Maneka Gandhi alipokea barua ya kumtaka arudishe pasipoti ndani ya siku saba kwa sababu ya masilahi ya umma. Alipouliza masilahi gani, serikali ilikataa kusema. Januari 1978, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba haitoshi kuwepo utaratibu wa kisheria. Sharti utaratibu wenyewe uwe wa haki, na aliyepokonywa apewe nafasi ya kusikilizwa, hata kama ni baada ya kupokonywa.

Kwetu hali ni tofauti. Kijana wa Kenya anayeelekea Somalia kwa kundi la al-Shabaab hana haja ya kupanga foleni ya uhamiaji. Zipo njia za panya. Ndiyo maana mwaka 2014 Kenya iliongeza kifungu kinachomchukulia aliyekwenda nchi iliyotajwa na waziri, bila kupitia kituo rasmi cha mpakani, kuwa alifuata mafunzo ya ugaidi. Mzigo ukahamia kwa msafiri. Na Wakenya wa asili ya Kisomali na Wanubi, waliokwisha kuzoea kuitwa mbele ya kamati za uhakiki ili wapate kitambulisho tu, wana sababu ya kuuliza shuku hiyo itamwangukia nani kwanza.

Ukitaka pa kuanzia, anza na Ufaransa. Tangu Novemba 2014 waziri wake wa mambo ya ndani anaweza kumzuia raia kutoka nchini kwa miezi sita, kisha kuongeza. Ila tangu Januari 2017, mtoto anayesafiri bila mzazi lazima abebe fomu iliyosainiwa na mzazi wake, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mzazi huyo. Ni karatasi moja tu, inayojazwa nyumbani, na mzazi anaweza kumwomba mtoto aieleze tena safari yote neno kwa neno kabla hajashika kalamu.