Bima ya Matunzo ya Muda Mrefu: Nani Hulipia Baada ya Tiba?

Bima ya afya hulipia uchunguzi, dawa, upasuaji na kulazwa hospitalini. Hata hivyo, mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kurudi nyumbani, huenda bado hawezi kuoga, kuvaa, kula wala kwenda msalani bila kusaidiwa. Msaada huo si tiba bali ni matunzo, na unaweza kuhitajika kwa miaka mingi. Bima ya matunzo ya muda mrefu imekusudiwa kuziba pengo hilo.

Ujerumani iliianzisha mwaka 1995, ikawa tawi la tano la hifadhi ya jamii baada ya bima za afya, ajali kazini, pensheni na ukosefu wa ajira. Kabla ya hapo, wazee wengi katika makao ya matunzo walimaliza akiba zao na kuishia kutegemea misaada ya ustawi wa jamii. Sasa mfanyakazi na mwajiri huchangia kutokana na mshahara.

Haki ya kulipwa haitokani na umri wala jina la ugonjwa. Mtathmini hupima mambo ambayo mhitaji anaweza kuyafanya mwenyewe: kutembea, kuelewa na kuwasiliana, kujihudumia, na kufuata matibabu yake. Tangu mwaka 2017 wahitaji hupangwa katika ngazi tano. Utaratibu huo uliwafaa hasa wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ambao huenda wana nguvu za mwili lakini hawawezi kuachwa peke yao.

Kuanzia ngazi ya pili, anayetunzwa nyumbani huweza kuchagua huduma ya wauguzi wanaomtembelea, fedha taslimu endapo anatunzwa na ndugu, au mchanganyiko wa vyote viwili. Kwa masharti maalumu, bima humlipia ndugu huyo michango ya pensheni. Jambo hili si dogo, kwani binti anayeacha kazi ili amtunze mzazi hupoteza mshahara wa leo na pensheni ya kesho.

Hata hivyo, bima hii hailipi kila kitu. Katika makao ya matunzo, malazi, chakula na sehemu ya gharama za matunzo yenyewe hubaki juu ya mhitaji. Kwa hiyo, kabla ya kutegemea bima yoyote, inafaa familia iulize: je, inalipia tiba pekee, au pia mkono wa kumnyanyua mgonjwa kitandani?